KAZI ZA NDEGE KATIKA JESHI: PILOTI HARUKI PEKE YAKE



Wiki tatu zilizopita, siku ya ine, katika saa ya fizik, elikopta moja ya jeshi ilipita juu ya shule yetu. Ilipita chini sana, hata mabati ya internat yakatetemeka. Mnajua yaliyofuata: darasa zote zilikimbia madirishani, na sisi kapita, tunaopashwa kukataza wengine, tulikuwa wa mbele kabisa. Mwalimu hakukasirika. Alingoja kelele iishe, kisha akauliza: «Ni watu wangapi wanaorusha kile kitu?» Tukajibu sote pamoja: wawili. Akasema: «Basi hamjaona kitu bado.» Akageukia ubao, akaendelea na somo lake.

Neno lile lilitusumbua. Tena iko sababu ya pili ya kuandika, ambayo tutaisema mwishoni. Basi tumetafuta, tumeuliza, na leo tunawaeleza kwa utaratibu kazi zilizomo ndani ya jeshi la anga na katika vikosi vyote vyenye ndege. Hatuandiki kusudi tuite mtu aende jeshini. Tunaandika kusudi mtu ajue.

1. WALIO NDANI YA NDEGE

Tuchukue mfano wa ndege moja ambayo wazee wetu wanaijua vizuri: C-130, ile wanayoiita Hercules. Ni ndege ya mizigo yenye motere nne na mkia unaofunguka nyuma kama mlango wa ghala. Iliruka mara ya kwanza Marekani tarehe 23 Agosti 1954, na hata leo nchi nyingi zinaitumia.

Katika C-130 ya zamani watu watano walikuwa na kazi. Wa kwanza ni piloti mkubwa, ndiye kamanda wa ndege. Wa pili ni piloti msaidizi. Wa tatu ni navigateri, yaani mwenye kupima njia: yeye na karta yake, saa yake, na hesabu za upepo. Wa nne ni mekanisye wa safari. Huyu anaketi nyuma ya mapiloti na kuangalia motere, mafuta na umeme. Wa tano ni mkuu wa mizigo.

Sasa angalieni jambo hili. Katika C-130 ya namna mpya, ile ya J, wamebaki watatu tu: mapiloti wawili na mkuu wa mizigo. Kazi ya navigateri na ya mekanisye wa safari imeingia ndani ya ordinateri. Njo maana mtu akichagua kazi haitoshi kuuliza «leo iko?» Anapashwa kuuliza pia «kesho itakuwako?»

Na juu ya nini mkuu wa mizigo amebaki? Juu yake ni uzima wa wote. Ninyi wa Kivu mnajua chukudu. Ukitia mzigo nyuma mno, gurudumu la mbele linainuka na chukudu haisikii tena usukani. Ndege ni vile vile. Tufanye hesabu kidogo: ndege ya kilo 50.000 pamoja na mzigo wake. Sanduku la kilo 1.000 likisogea nyuma metre 3, kitovu cha uzito kinasogea santimetre 6. Ni kidogo. Lakini magari matatu ya kilo 5.000 kila moja yakisogea metre zile zile 3, kitovu kinasogea santimetre 90, na hapo piloti awe hodari namna gani, ndege haitamtii.

Jambo hilo lilitokea. Tarehe 29 Aprili 2013 Boeing 747 ya mizigo iliyobeba magari ya jeshi ilianguka ikitoka Bagram, Afghanistan. Watu wote 7 waliokuwa ndani walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba gari moja, kwa uchache, lilikatika kamba zake, likarudi nyuma na kuharibu vyombo vinavyoongoza mkia. Motere zilikuwa nzima na mapiloti walikuwa na akili zao. Ni kamba tu.

2. WALIO CHINI

Hawa ndio wengi, na hawa ndio tusiowaona kutoka dirishani.

Wa kwanza ni mamekanisye, na msidhani kwamba mekanisye ni mmoja wa kila kitu. Iko wa motere. Iko wa mwili wa ndege, anayeshona na kuziba mabati. Iko wa haydroliki, yaani nguvu ya mafuta ndani ya mipira, inayokunja magurudumu. Iko wa umeme, radio na vyombo vya kuongoza. Katika ndege za vita iko tena wa silaha, na wa kile kiti kinachomrusha piloti nje kama ndege imeharibika. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani kila kazi ina namba yake, na kazi za ndege zinaanza na 15: 15T anatengeneza elikopta ya Black Hawk, 15U anatengeneza ile kubwa ya Chinook yenye rota mbili, 15P anapanga safari na makaratasi yake, 15Q anaongoza ndege kwa radio. Askari anafundishwa kazi moja mpaka aijue sawasawa.

Ndani ya sanduku la mekanisye kila chombo kina shimo lenye sura yake. Jioni akifunga kazi, shimo moja likiwa tupu, ndege haitoki. Itatafutwa, hata ikiwa usiku, mpaka chombo kionekane, kwa sababu kipande cha chuma kikisahauliwa karibu na motere kinaweza kuua watu. Kwa hiyo kijana anayesema «Mkubwa, chombo changu kimepotea» hufanya kazi nzuri, na yule anayeficha kwa kuogopa matusi ndiye wa hatari. Sisi wa internat tunaoficha vioo tulivyovunja tulifikiri juu ya neno hilo.

Mekanisye akimaliza anatia sinyatire yake katika kitabu cha ndege. Piloti anasoma kitabu kile mbele ya kupanda. Ni kusema, anatoa maisha yake juu ya jina la mtu mwingine.

Wa pili ni mkunja parashuti. Katika jeshi la Marekani mtu wa kazi hii anapashwa kuwa tayari kuruka na parashuti yoyote aliyoikunja mwenyewe. Hakuna inspekta mkali zaidi kuliko hiyo.

Wa tatu ni watu wa mafuta. Kabla ya ndege kuondoka wanachota mafuta kidogo kutoka chini ya tanki na kuyatia ndani ya chupa nyeupe. Juu ya nini chini? Wanafunzi wa shimi watajibu: litre moja ya kerozeni ina uzito wa gramu 800 hivi, litre ya maji ni gramu 1.000, basi maji yakiwamo yatakuwa yamelala chini. Maji yakiingia kwa motere, motere inazimika.

Wa ine ni watu wa meteo. Hawatazami mvua peke yake. Hewa yenye joto ni nyepesi, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi tena. Mabawa yanashika hewa kidogo na motere inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ndege inaomba pisti ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Ndege ile ile na mzigo ule ule haitainuka saa nane ya mchana huku kwetu kama inavyoinuka asubuhi huko Matadi. Mtu wa meteo akikosea joto, piloti anakosea pisti.

Wa tano ni waongozaji, wale wa mnara na wa rada. Kazi yao ni sauti, masikio na utulivu. Hawasemi «B» wala «D», kwa sababu katika radio zinafanana. Wanasema Bravo na Delta. Hawatumii saa ya Bukavu wala ya Kinshasa. Wanatumia saa moja kwa dunia nzima, inayoitwa Zulu. Saa 8.00 ya asubuhi kwetu mashariki ni saa 7.00 Kinshasa, na ni 6.00 Zulu. Hapo ndege mbili zinazokutana angani zinajua kwamba zinasema saa moja.

Tena wako wazima-moto, waganga wa mapiloti, wapiga picha, wapishi, waandikaji wa ghala la vipuri. Na tangu miaka hii iko piloti asiyepanda kamwe: yule wa drone. Hilo si jambo la mbali. Tarehe 3 Desemba 2013, huko Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha drone yake ya kwanza katika misioni yake, drone ya kutazama tu, bila silaha. Yule aliyeiongoza alikuwa ameketi chini kwenye kiti, mbele ya kioo.

3. MFANO MMOJA WA KUKUMBUKA

Mbele ya mwaka 1941 jeshi la Marekani lilikuwa halikubali watu weusi warushe ndege zake. Iko waliosema kwamba mtu mweusi hana kichwa cha kazi hiyo. Mwishowe walifungua mafundisho huko Tuskegee, Alabama, na mwezi wa Machi 1942 watano wa kwanza walipata mabawa yao. Kati yao alikuwa Benjamin O. Davis mdogo, ambaye baadaye alikuwa jenerali. Mpaka mwaka 1946 karibu mapiloti 1.000 walitoka Tuskegee, na wengi walipigana vita Ulaya na Afrika ya Kaskazini.

Habari hiyo inajulikana. Lakini sikieni ile isiyojulikana sana. Kikosi chao cha kwanza, cha namba 99, kilianzishwa mwezi wa Machi 1941, si Tuskegee, bali Chanute, katika jimbo la Illinois, na wale walioanza kufundishwa huko walikuwa mamekanisye, watu wa radio, wa silaha na wa meteo. Mapiloti walianza mafundisho yao mwezi wa Julai tu. Mwenye kupanga kazi alijua: bila fundi, piloti ni mtu mwenye kofia nzuri. Wote waliofanya kazi Tuskegee, wanaume na wanawake, walipita 10.000. Hesabuni wenyewe ni wangapi kwa piloti mmoja.

Na dada zetu wasiseme «haya ni ya wavulana». Wakati wa vita vile vile, katika miaka ya 1943 na 1944, wanawake wa Marekani 1.074 walimaliza mafundisho na kurusha ndege za jeshi ndani ya nchi yao. Walipeleka ndege mpya, walizijaribu, walivuta shabaha kwa wapiga mizinga. 38 walikufa. Hata hivyo hawakuhesabiwa kuwa askari mpaka mwaka 1977. Mmoja wao aliitwa Betty Greene. Baadaye aliingia katika kazi ya MAF, ndege za misioni ambazo Waprotestanti wa nchi hii wanazijua vizuri. Mwaka 1946 ni yeye aliyerusha ndege ya kwanza ya MAF, kwenda Mexico. Basi kazi mtu aliyoifunza kwa vita inaweza kubeba dawa na wagonjwa.

4. NA HUKU KWETU?

Katika miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya ndege Kamina, Katanga, na mapiloti wa jeshi lao walifundishwa pale, chini ya jua letu na juu ya udongo wetu. Lakini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja katika Force Publique. Nchi ilikuwa na pisti nzuri sana, bila mtoto wake mmoja aliyefundishwa kuiamuru.

Tarehe 24 Novemba 1964, ndege za C-130 za Marekani zilishusha askari wa parashuti wa Ubelgiji juu ya uwanja wa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Zilitoka Ubelgiji, zikapumzika katika kisiwa cha Ascension katikati ya bahari, kisha Kamina. Wazee wanabishana hata leo juu ya jambo lile, na hatukuja kuhukumu. Tunaonyesha hili tu: wenye kujua karta, mizigo, meteo na parashuti wanaweza kuvuka bara nzima na kufika kwako asubuhi. Asiyejua anatazama juu, kama sisi siku ile madirishani.

5. MASOMO GANI?

Wengi wanafikiri kwamba kazi hizi ni za macho na mikono. Ni za daftari kwanza.

Hesabu na fizik: nguvu, vekta, uzito, presio. Yule mwenye kusema «vekta zitanisaidia nini?» akumbuke navigateri na upepo wake. Umeme na mekanike: wanafunzi wa shule za ufundi wako mbele yetu hapa, tusiwadharau. Shimi: mafuta na kutu. Kiingereza: tangu mwaka 2008 kanuni za dunia zinaomba piloti na mwongozaji wa safari za kimataifa wajue Kiingereza kwa kiasi cha ngazi ya 4 juu ya 6. Mtihani wa Serikali tunaufanya kwa Kifaransa, lakini angani Kifaransa hakifiki kila mahali.

Na vipimo! Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Kanada ilizimika motere zote mbili katikati ya safari. Haikuwa na mafuta. Ilikuwa inaomba kilo 22.300; waliohesabu walichanganya kilo na libre, na ndege ikaondoka na libre 22.300, ni kusema karibu kilo 10.100, isiyofika hata nusu. Watu wote 69 waliokoka, kwa kuwa piloti alijua kurusha ndege isiyo na motere, na msaidizi wake alikumbuka uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, mahali alipofanya kazi alipokuwa askari. Mwalimu wetu akikata pointi mbili kwa kusahau kuandika «kg», tusimwite tena mtu mkali.

6. KABLA YA KUSEMA NDIYO

Wadogo wetu, sikieni vizuri. Kazi ya jeshi si shule ambayo unaiacha ukichoka. Katika jeshi la anga la Marekani, kwa mfano, piloti akiisha kupata mabawa anadaiwa miaka 10 ya kazi. Mafundisho ni ya bure kwa mfuko, si ya bure kwa maisha. Tena ndege ya jeshi inaweza kubeba unga kwa wenye njaa, na inaweza kubeba bomu. Mwenye kukaza parafujo za magurudumu yake hachagui safari. Kila mmoja aongee na wazazi wake, na mchungaji wake, na dhamiri yake.

Na hili ni la sheria: katika nchi yetu, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza katika jeshi au katika kundi lolote lenye silaha mtu asiyefikisha miaka 18. Kwa hiyo mtu akikuita pale barabarani, ukiwa na miaka 15, akakuahidi ndege, gari au buti, ujue anavunja sheria na anakudanganya. Hakuna mekanisye wa ndege anayetoka msituni bila kumaliza shule.

7. KWA NDUGU YETU

Sasa ile sababu ya pili. Katika darasa letu sisi mafinalisti iko ndugu mmoja ambaye tangu mwaka wa kwanza alisema atakuwa piloti. Daftari zake zilijaa picha za ndege, na katika hesabu alikuwa anatupita wote. Mwaka huu alipimwa macho, akaambiwa avae miwani, tena hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Siku aliporudi na miwani ile, watu walimcheka katika refektuari, wakamwita «Piloti wa Usiku». Sisi tulikuwa kati ya waliocheka. Tulikuwa kapita, tulipashwa kunyamazisha meza, na tulicheka. Tangu siku ile hafungui tena kitabu cha trigonometri. Anasema: «Ya nini?»

Ndugu, tunakujibu mbele ya wote, kwa sababu tulikucheka mbele ya wote. Miwani peke yake si ukuta: majeshi mengi yanakubali miwani kwa kadiri fulani. Juu ya rangi hatutakudanganya: kwa piloti mlango ule ni mgumu sana, kwani taa za pisti na za mabawa ni nyekundu na kijani, na kwa mwenye kushika nyaya za umeme na kwa mwongozaji ni vile vile. Lakini yule wa kupima uzito na kitovu chake, yule wa meteo anayehesabu joto na hewa, yule wa kuchora kipande cha motere, yule wa kupanga safari na mafuta yake, hao wote wanaomba kile kichwa ambacho tuliona kwako miaka mingi. Na wako wachache.

Siku ya posho, saa tisa, darasa la fizik litakuwa wazi. Mwalimu amekubali kurudia nasi vekta na trigonometri mpaka mtihani wa Serikali. Sisi kapita tutakuwapo, na tumekuwekea kiti, kwa kuwa katika zoezi la upepo tumekwama tangu juma lililopita na hakuna anayeweza kutueleza.

Wengine wote pia, karibuni. Na elikopta ikipita tena, tazameni, hakuna ubaya. Lakini mhesabu vizuri.

Kapita Mkuu wa wanafunzi,
kwa niaba ya mafinalisti